Bibi wa Mwandishi

Niliandika maisha ya mwanamke mmoja kwa miezi minne nikiamini ni mwanamume. Nayasema mapema kwa sababu watu wa Jeddah wameshayasema kabla yangu, tena kwa kucheka, na napenda yatoke pia mkononi mwangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifanya kazi Riyadh, mtaa wa Malaz, katika nyumba ya ghorofa ya pili yenye watu wawili tu: madam, aliyefundisha shule ya wasichana, na mama yake, ambaye naye alikuwa mwalimu mpaka alipostaafu. Ukoo wao ulitoka Unguja. Mama aliondoka huko akiwa msichana na hakurudi, lakini Kiswahili chake kilibaki kama alivyokipakia. Mimi natoka magharibi mwa Kenya. Siku ya kwanza niliingia chumbani kwake nikapiga goti kidogo nikasema, "Shikamoo, nyanya."

"Marahaba," akajibu. "Nyanya zimo jikoni. Mimi ni Bibi."

Kwetu nyanya ni mama wa mama yako, na bibi ni mke wa mtu. Nikaona Bibi ni cheo tu, kama watu wa pwani wanavyosema Bi Fulani, nikamwita hivyo bila kuuliza zaidi. Sikuwa mtu wa kuuliza. Nikizungumzishwa niliangalia vidole vya miguu yangu.

Sukari ilikuwa imemla macho. Alibaki na kivuli na mwanga, basi. Juu ya kabati la kitanda kulikuwa na kitabu cha Kiingereza, jalada limechakaa mpaka halikushikilia kurasa, na mgongoni kiliandikwa jina la bwana mmoja. Kilikuwa ni maisha ya mtunzi wa riwaya aliyeishi Uingereza karne ya kumi na tisa. Bibi alikisoma tangu ujana, akakifundishia, akakirudia mpaka kikamkaa kifuani. Sasa alitaka kukisimulia kwa Kiswahili, kwa sababu wajukuu wa ndugu zake wa Jeddah walikuwa wakisoma riwaya za mtunzi yule bila kujua ziliandikwaje. Alihitaji mkono wa kuandika.

"Mama, huyu kasoma mpaka darasa la nane tu," madam akasema, mimi nikiwa palepale na sinia la chai.

"Mimi sihitaji msomi. Nahitaji mtu asiyeharakisha."

Nadhani hakuna aliyewahi kunisifu kwa jambo hilo. Shuleni nilikuwa wa mwisho kumaliza kunakili. Mwalimu alifuta ubao nikiwa sijafika katikati, na madaftari yangu yote yalijaa sentensi zisizo na mikia. Katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi nilikuwa na insha nzuri kichwani; kengele ililia nikiwa kwenye aya ya pili. Lakini Bibi alikuwa na pumzi fupi. Alisema maneno matano, akapumua, akasema mengine manne. Katika mapumziko hayo mkono wangu ulimfikia. Kwa mara ya kwanza maishani nilimaliza sentensi pamoja na aliyekuwa akiisema.

Tuliandika kila siku baada ya alasiri, kwa muda wa saa mbili. Madam hakupenda. Hakuwa mtu mbaya. Alirudi kutoka kazini na sakafu ilimngoja, na vyombo, na pasi. Baada ya mwezi wa kwanza aliingia akasimama mlangoni.

"Mama, nisikilize. Mwezi wa nne tunakwenda Jeddah kwa mama mdogo. Wanawake wote watakuwapo. Wasomeeni hicho mnachokiandika. Wakiona ni kitu, endeleeni, mimi nanyamaza. Wakiona ni upuuzi, halas. Daftari linafungwa na huyu anarudi kwenye kazi iliyoandikwa kwenye ikama yake, kibali chake cha kukaa hapa."

"Na nani atasoma?" Bibi akauliza.

"Aliyeandika."

Kusoma mbele ya watu! Lakini nilielewa sharti. Zile saa mbili zilikuwa zangu kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho katika nchi ile, na sasa zilitegemea mdomo wangu.

Basi nieleze nilichokuwa nikiandika, jinsi nilivyokielewa wakati huo.

Mtunzi alikaa katika nyumba ya mawe kando ya kinu cha kusagia nafaka, kijiji cha baridi kali. Alikaa na bibi yake. Bibi yake alikuwa amemzidi umri sana, tena kipofu. Nikaandika, nikasema moyoni labda ni mama wa mali, kijana kaoa kwa ajili ya shamba. Mambo hayo hata kwetu yapo. Bibi yake ndiye aliyemfundisha kusoma. Vizuri, nikasema, mke mwenye elimu. Mtunzi ndiye aliyeoka mikate ya nyumba ile. Alikanda unga alfajiri, akaufunika kwa kitambaa, na muda ule unga unaumuka ndio muda wake wa kuandika, juu ya meza ileile. Unga ukishaumuka kalamu ikawekwa chini, hata kama neno limefika nusu. Nilisimamisha mkono hapo.

"Bibi, alikuwa hana mfanyakazi?"

"Wa wapi? Yeye ndiye mfanyakazi."

Wazungu wana mambo yao, nikasema, nikaendelea.

Alituma riwaya yake ya kwanza mjini kwa jina lile la bwana lililo mgongoni mwa kitabu. Mchapishaji alipofungua bahasha, unga ukamwagika kwenye suti yake. Akamwandikia: Bwana mpendwa, riwaya yako nimeipenda, lakini ukimaliza kuoka nawa mikono. Bibi alipofika hapo alicheka mpaka akakohoa, nami nikampa maji. Nilidhani anacheka kwa sababu bwana mzima kaambiwa anawe mikono.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kusoma. Kila mchana mtunzi alimsomea bibi yake kurasa alizoandika asubuhi. Yule kipofu alikaa karibu na jiko na miguu juu ya tofali la moto. Kama alisikiliza mpaka mwisho, kurasa zilihifadhiwa. Kama alisinzia, hata kidogo, mtunzi aliutia ukurasa huo jikoni ukaungua, akauandika upya kesho yake. Riwaya ya pili ilichomwa mara tatu hivyo. Nilimwonea wivu yule mke. Kuwa na mume anayetaka uwe macho!

Kiswahili ndicho kilichonificha ukweli, na sikilaumu. Alikwenda, aliandika, alikanda: hakuna mwanamke wala mwanamume humo. Mtu anaweza kukaa kurasa arobaini ndani ya lugha yetu na usimjue.

Wiki ya mwisho nilinakili yote kwenye daftari jipya, kwa herufi kubwa nitakazoweza kuzisoma hata nikitetemeka. Na hapo nikafanya wema. Shuleni tulifundishwa kwamba bibi kwa maana ya mke ni maneno ya mitaani. Kwenye insha andika mke. Basi kila palipoandikwa bibi yake, nikaandika mke wake. Nilitaka wanawake wa Jeddah wasije wakasema mwandishi wa Bibi hajui Kiswahili sanifu.

Siku moja kabla ya safari zilibaki kurasa mbili. Bibi alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka.

"Andika. Mwaka uliofuata akaposwa na kasisi wa kijiji."

Nikaandika.

"Soma."

"Mwaka uliofuata akaposa na kasisi wa kijiji."

"Akaposwa!"

"Akapo... sa."

"Wewe mtoto, umeziba masikio leo? Kasisi kamposa. Kaja na kofia yake mkononi, kasema nitakuoa lakini kalamu uiache. Yeye akaposwa, akakataa. Tangu lini mwanamke akaposa?"

Kalamu ilibaki hewani. Katika ndoa lugha yetu haifichi: mmoja huoa na mwingine huolewa, na hakuna kalamu inayoweza kuchanganya. Nikaangalia nyuma kurasa zote, unga, mikate, barua ya mchapishaji, na yule kipofu karibu na jiko. Bibi yake. Nyanya yake!

"Bibi," nikasema, "kumbe huyu..."

"Kumbe nini? Andika, pumzi yangu haingoji. Mchapishaji akafunga safari akaja kumwona bwana. Mlango ukafunguliwa na mwanamke, unga mpaka viwikoni. Akasema, nimekuja kumwona bwana. Mwanamke akajibu: Umeshamwona. Ingia, lakini usiguse kitambaa, unga haujaumuka."

Nikaandika. Nikaandika pia sentensi ya mwisho, kwamba hakuolewa, na kwamba alikufa na riwaya ya tano mezani. Wino ulikuwa haujakauka, madam akaingia.

"Yalla, mmemaliza? Daftari nipeni mimi, lisije likasahaulika." Akalitia kwenye mkoba wake wa mkononi, akafunga zipu.

Ningeweza kusema, madam, nipe kidogo, kuna kosa. Kusema hivyo ni kumwambia kwamba miezi minne sikujua ninachokiandika. Ndicho alichokuwa akikisema tangu mwanzo. Nikaenda kupanga masanduku. Ndani ya ndege siku ya pili nilikaa kando ya Bibi nikijizoeza kimoyomoyo: jicho likiona mke, ulimi useme bibi. Mke, bibi. Mke, bibi. Nikaona inawezekana.

Mdogo wake Bibi alikaa Jeddah mtaa wa Kandara, ghorofa ya kwanza juu ya maduka ya vitambaa, mlango hauna mapumziko. Alikuwa mama mnene wa maneno mengi, na sauti yake ilifika ngazini kabla ya kahawa yake. Kesho yake tulipofika, baada ya alasiri, sebule ilijaa. Walikuwa kama ishirini, wengine wazee waliotoka Unguja, wengine binti zao waliozaliwa hapohapo Jeddah na Kiswahili chao kikipinda Kiarabu mwishoni. Kulikuwa na visheti na kaimati, na marashi ya kutosha kumwamsha mgonjwa. Bibi aliwekwa kwenye kiti kikubwa. Mimi niliwekewa kigoda miguuni pake. Madam akafungua zipu, akanipa daftari, akaenda kukaa mkabala nami.

"Huyu ndiye mwandishi?" mdogo mtu akauliza. "Mbona kadogo?"

"Soma, mwanangu," Bibi akasema.

Nikasoma. Sauti yangu ilitoka nyembamba kwanza, kisha ikapata njia. Jicho liliona mke, ulimi ukasema bibi. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Walicheka kwa suti ya mchapishaji. Mmoja alisema, "Anawe mikono, ala! Angejua ni riziki hiyo." Nilianza kuzoea sauti yangu mwenyewe, na hilo ndilo lililoniponza. Nilifika kwenye jiko na tofali la moto, sehemu niliyoipenda, nikasahau kujilinda.

"Kama alisinzia, hata kidogo, ukurasa ule uliungua. Kwani mke wake—"

"Nani wake?" mdogo mtu akadakia.

Nikatafuta mstari kwa kidole.

"Kasema mke! Nyie mmesikia? Huyu mwanamke kaoa lini?"

"Wazungu hao," mwingine akasema, "mwachie."

"Si Wazungu, ni huyu msomaji! Usingizi umemkamata yeye sasa."

Walicheka, lakini si wote. Bibi aligeuza uso kunitafuta. Madam aliweka kikombe juu ya kisahani taratibu sana. "Mama," akasema, "nini hiki?"

Nilijua naweza kusema ulimi umeteleza. Wangeniamini, ulimi wa kila mtu huteleza. Lakini palikuwa na kurasa ishirini zaidi, na kila moja ilikuwa na mke wake, na madam angeweza kulichukua daftari jioni ileile akalisoma. Halafu, na hili nalisema bila haya sasa, nilichoka kuangalia vidole vya miguu yangu. Niliinua uso.

"Ulimi haukuteleza," nikasema. "Nimeandika hivyo. Kwetu bara bibi ni mke. Bibi aliposema mtunzi anakaa na bibi yake, mimi nilijua ni bwana anakaa na mkewe. Nikaona nisafishe lugha, nikaandika mke kila mahali. Mpaka juzi, alipoposwa na kasisi."

Bibi aliinama mbele kwenye kiti chake.

"Juzi?" Bibi akasema.

"Juzi, Bibi."

"Miezi minne unaniandikia bwana?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na hukushangaa bwana anakanda unga alfajiri?"

"Nilishangaa. Nilisema Wazungu wana mambo yao."

"Na mke aliyemfundisha kusoma?"

"Nilisema kaoa mwalimu."

Aliyeanza ni mdogo mtu. Alipiga paja, akaegemea jirani yake, kicheko kikazunguka sebule nzima mpaka visheti vikamwagika. Mama mmoja mzee alitoka nje na upindo wa buibui mdomoni. Sikucheka, lakini sikulia pia. Nilimtazama Bibi tu, kwa sababu yeye hakucheka.

"Nyamazeni," akasema. Alikuwa mwalimu, walinyamaza. "Mnajua watu wa zamani zake walimsoma vipi? Hivi hivi. Riwaya tatu walizisoma wakisema, bwana huyu anajua moyo wa mwanamke, bwana huyu kazaliwa na macho gani! Mimi nimekifundisha kitabu hiki miaka na miaka, na kila mwanafunzi alikuwa anajua toka siku ya kwanza kuwa ni mwanamke, kwa sababu mimi niliwaambia. Sijawahi kumpata hata mmoja aliyedanganyika kama walivyodanganyika wao. Leo nimempata, na kakaa miguuni pangu miezi minne." Akapapasa, akaukuta utosi wangu. "Rudi mwanzo. Soma kama ulivyoandika. Usibadilishe hata moja."

"Mke na yote?" nikauliza.

"Mke na yote."

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Nikasoma mke wake pale palipoandikwa mke wake, kwa sauti iliyofika ngazini. Kila mke alipopita walicheka, wakasukumana viwiko, wakanyamazishana. Walijua asichokijua mwandishi, na hilo liliwafanya wasikilize kwa mwili mzima. "Bwana kashika mwiko," mmoja akanong'ona. "Mume gani huyu, nipeni mimi," mwingine akajibu. Lakini kadiri kurasa zilivyokwenda kicheko kikapungua. Walianza kumwona mtu anayejificha ndani ya maneno yangu na kuogopa atajulikana. Kasisi alipokuja na kofia mkononi, mama mmoja alisema chini kwa chini, "Kataa." Mlango ulipofunguliwa na mwanamke mwenye unga mpaka viwikoni, nilipumzika kidogo kabla ya jibu lake. Sikupanga, ndio mwendo wangu. Na katika pumziko lile hakuna aliyecheka hata mmoja.

"Umeshamwona," nikasoma.

"Loo!" mdogo mtu akasema, na akajifuta macho kwa kanga.

Walizungumza mpaka magharibi. Walibishana kama angeolewa angeandika, na kama kasisi alistahili kusikitikiwa. Binti mmoja aliuliza kama daftari linaweza kupigwa chapa ili dada zake walisome, na mwingine akauliza kuna jingine lini. Mdogo mtu alisema, "Mwezi ujao mnakuja tena, na huyu mwandishi wenu aje. Mkimwacha Riyadh, nyinyi pia bakini hukohuko."

Madam alinikuta jikoni nikiosha vikombe. Alichukua kitambaa, akaanza kuvifuta, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kando yangu.

"Ungeweza kudanganya," akasema.

"Ningeweza."

"Kwa nini hukudanganya?"

Nilifikiri, kwa sababu aliuliza kweli. "Ningesema uongo, ningelazimika kuusema kila ukurasa. Mimi ni mtu wa polepole, madam. Siwezi uongo wa haraka."

Alifuta kikombe mpaka kikang'aa. "Nilisema wakiona ni kitu, nanyamaza," akasema. "Basi nimenyamaza. Vyombo vya alasiri nitaosha mimi."

Tuliporudi Malaz, daftari lile liliachwa kama lilivyo. Mke hakugeuzwa bibi hata mahali pamoja. Bibi aliamuru hivyo, akaongeza ukurasa mmoja mwishoni ambao niliuandika kwa maneno yangu mwenyewe, nikieleza kosa langu lilivyotokea. Ukurasa huo ulinichukua siku tisa. Ndio maandishi yangu ya kwanza ambayo hakuna mtu aliyenitamkia maneno.

Siku tuliyoanza kitabu cha pili, Bibi alikuwa na haraka. Alikwishajiegemeza kwenye mito, shingo imenyooka, kidole hewani kama yuko mbele ya darasa.

"Andika."

"Bado," nikasema.

"Bado nini?"

"Kwanza nisimulie yote mpaka mwisho bila kuandika. Nijue ni nani, kazaliwa wapi, anakaa na nani, na huyo anayekaa naye ni nani wake. Kesho ndiyo tutaandika."

"Itakula siku nzima hiyo."

"Na ichukue."

Kutoka jikoni nilisikia maji yakimwagika juu ya vyombo, na madam akiimba kitu cha Kiarabu nisichokijua. Nilifunika kalamu, nikaiweka chini, nikasogeza kigoda changu karibu na kitanda. Bibi akaanza kusimulia.